Kupima mafuta ya damu kwa mwenye kisukari bila kudanganywa na LDL

Karatasi ya majibu inasomeka hivi: kolesteroli yote 180, HDL (kolesteroli iitwayo nzuri) 32, trigliseridi (mafuta ya nishati) 310, LDL (kolesteroli iitwayo mbaya) 86, zote kwa mg/dL. Mwenye karatasi ana kisukari aina ya 2. Anayesoma kwa haraka anakimbilia LDL, anaona 86, anaridhika na kufunga faili. Tatizo ni kwamba mara nyingi hiyo 86 haikupimwa na mashine yoyote. Imepatikana kwa kutoa na kugawanya, na hesabu yenyewe hukosea zaidi kwa watu wa aina hii hasa, wenye trigliseridi nyingi na HDL kidogo.

Mwongozo huu unaifuata sampuli kuanzia mkononi mwa mtu hadi kwenye tarakimu, ukionyesha wapi inaharibika na kwa nini. Umeandikwa kwa wanaofanya kazi maabara, waganga na wanaoanza utafiti. Mgonjwa anayetaka tu kuielewa karatasi yake anaweza kurukia sehemu ya hesabu.

Kinachotokea ndani ya damu

Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo husafiri ndani ya chembe zinazoitwa lipoprotini. Ini hutoa VLDL iliyojaa trigliseridi. Misuli na tishu za mafuta zikishachukua trigliseridi hizo, kinachobaki huishia kuwa LDL. Kila VLDL na kila LDL hubeba molekuli moja tu ya protini iitwayo ApoB. Kwa hiyo kupima ApoB ni kuhesabu madebe, na kupima kolesteroli ya LDL ni kupima kilichomo ndani ya madebe.

Kwa mtu asiye na kisukari hesabu hizo mbili huenda pamoja. Mwili unapokuwa sugu kwa insulini, zinaachana. Insulini ndiyo huzuia tishu za mafuta zisimwage asidi za mafuta ovyo. Breki hiyo ikilegea, asidi humiminika kwenda kwenye ini, nalo huzifunga kuwa trigliseridi na kutoa VLDL nyingi na kubwa. Zikifika kwenye damu, protini iitwayo CETP hubadilishana mizigo: VLDL inatoa trigliseridi na kupokea kolesteroli kutoka kwa LDL na HDL. Kisha kimeng'enya cha ini hukata trigliseridi zilizoingia ndani ya LDL, nayo inabaki ndogo, nzito, yenye kolesteroli kidogo. HDL nayo husinyaa na kuondolewa kwenye damu mapema. Matokeo ni madebe mengi yaliyojaa nusu. Kilichomo kinaonekana kidogo, ilhali chembe zinazoweza kupenya ukuta wa ateri ni tele.

Chembe hizo zikinaswa ndani ya ukuta, seli za kinga ziitwazo makrofaji huzimeza hadi kugeuka seli za povu. Kolesteroli ikizidi ndani yake hujenga fuwele, na fuwele huamsha mtambo wa kinga uitwao NLRP3. Mtambo huo hutoa interleukini-1 beta, protini ya kuamsha uvimbe, nayo huchochea interleukini-6, na interleukini-6 ikifika kwenye ini huliamuru litengeneze CRP, protini inayopanda damuni wakati wa uvimbe. Huu ndio uvimbe wa ndani unaozungumzwa hapa. Hauonekani kwa macho kama jipu, na mtu hausikii. Mafuta, sukari na uvimbe ni mnyororo mmoja, na ndiyo maana tunavipima katika damu ya siku moja.

Kumwandaa anayepimwa

Kama LDL itakokotolewa, au kama sukari na insulini zitapimwa pia, mtu akae saa 9 hadi 12 bila kula. Maji anywe kama kawaida. Asizidishe saa 14. Njaa ndefu nayo hubadilisha asidi za mafuta na ketoni.

Mashirika ya Ulaya yalikubali mwaka 2016 kwamba kipimo cha kawaida cha mafuta kinaweza kufanywa hata kwa aliyekula, kwa sababu trigliseridi hupanda kwa wastani wa mg/dL 26 tu. Wastani huo ni wa watu wote kwa jumla, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa anaweza kupanda zaidi ya hapo sana. Aliyekula akitoa trigliseridi zaidi ya 400, mrudishe siku nyingine akiwa hajala.

Anayechoma insulini au kumeza dawa za kundi la sulfonilurea lazima aelezwe cha kufanya na dozi ya asubuhi. Mtu aliyeambiwa tu "njoo bila kula" anaweza kumeza dawa yake kama kawaida, kisha sukari ikaanguka akiwa kwenye foleni. Mpange awe wa kwanza, aje na chakula chake, na dozi aichukue baada ya kutolewa damu kama mganga wake alivyoelekeza. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, asiache, isipokuwa utafiti wenyewe unadai hivyo na mganga ameridhia.

Pombe isiguswe kwa siku 2 au 3, kwa maana huinua trigliseridi kupitia ini. Mazoezi mazito yaachwe kwa saa 24; huinua CRP. Aliyetoka kwenye homa, malaria, jino bovu au chanjo asubiri wiki 2. Aliyepatwa na shambulio la moyo apimwe ndani ya saa 24 za mwanzo au asubiri wiki kadhaa, kwa sababu ugonjwa mkali hushusha kolesteroli na kumfanya aonekane salama wakati hayuko salama.

Halafu mkalishe. Angalau dakika 5, vizuri zaidi 10 hadi 15. Mtu akisimama, maji hutoka kwenye mishipa na chembe kubwa hubaki, damu inakuwa nzito. Tofauti ya kolesteroli kati ya aliyesimama na aliyelala inaweza kufika kama asilimia 10. Aliyepanda ngazi na kutolewa damu papo hapo hawezi kulinganishwa na aliyetolewa akiwa kitandani.

Kutoa damu

Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika 1, kwa sababu ileile ya maji kutoka. Kwa kazi hii chupa tatu zinatosha, kwa mpangilio huu: kwanza ya seramu (nyekundu au yenye jeli, mL 5) kwa mafuta, CRP na insulini, kisha ya zambarau yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande (mL 3 au 4), kwa HbA1c, yaani sukari ya miezi mitatu, mwisho ya kijivu yenye floridi (mL 2) kwa sukari. Pindua ya seramu mara 5, ya zambarau na ya kijivu mara 8 hadi 10, taratibu. Kuitikisa hupasua chembe nyekundu.

Mpangilio haubadilishwi, na damu haimiminwi kutoka chupa moja kwenda nyingine. EDTA kidogo ikiingia kwenye seramu, potasiamu inapanda na kalsiamu inashuka. Baadhi ya vimeng'enya navyo husimama kwa kukosa madini yake. Ukiona potasiamu ya kutisha kwa mtu aliyekuja akitembea na kucheka, angalia kwanza kalsiamu yake.

Chupa ya kijivu ina siri ambayo wengi hawaijui. Chembe za damu huendelea kula sukari kwenye chupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la kawaida la chumba. Floridi inatakiwa kuzuia, lakini huzuia enolasi, kimeng'enya cha karibu na mwisho wa njia. Hatua za juu yake zinaendelea kwa saa 1 hadi 2 kabla mambo hayajasimama kabisa. Chukua mtu mwenye sukari ya mg/dL 135 akiwa hajala. Damu yake ikikaa mezani saa 3 kwenye chupa isiyo na kizuizi, inasoma kama 112. Ameingia maabara na kisukari (kikomo ni 126) na ametoka na karatasi ya mtu aliye karibu tu na kisukari. Tiba ni barafu na kuzungusha sampuli ndani ya dakika 30, au chupa zenye sitrati, ambazo huzuia hatua za mwanzo papo hapo kwa kuleta uasidi.

Mezani

Seramu iache igande ikiwa imesimama wima, dakika 30 hadi 60. Ukiwahi, nyuzi za damu hubaki na kuziba sindano ya mashine. Zungusha kwa nguvu ya g 1,300 hadi 2,000 (g moja ni mvuto wa dunia) kwa dakika 10.

Hapo kwenye g ndipo watu huteleza. Namba ya mizunguko kwa dakika pekee haitoshi, kwa kuwa nguvu hutegemea pia urefu wa mkono wa mashine. Kanuni yake ni: 0.00001118 × nusu-kipenyo kwa sentimita × mizunguko × mizunguko. Mashine yenye nusu-kipenyo cha sm 15 ikizunguka mara 3,000 hutoa g 1,509, inatosha. Yenye sm 10 kwa mizunguko ileile hutoa g 1,006, haitoshi. Pima kwa rula, kisha bandika jibu kwenye kifuniko.

Kabla ya kuingiza chupa kwenye mashine, inyanyue kwenye mwanga uitazame. Seramu nzuri ina rangi ya manjano hafifu na unaona kidole chako upande wa pili. Ya pinki au nyekundu imepasuka chembe. Usiitumie kwa insulini, kwa sababu chembe nyekundu zilizopasuka huachia kimeng'enya kinachovunja insulini na jibu linakuwa dogo kuliko ukweli. Ya maziwa ina trigliseridi nyingi, kwa kawaida zaidi ya 400.

Kwa hiyo ya maziwa kuna jaribio la zamani lisilogharimu chochote. Iache kwenye friji, nyuzi 4, usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi, ukiona utando mweupe umeelea juu kama malai na chini pako wazi, hizo ni kilomikroni, mafuta yatokayo tumboni. Pengine mtu alikula. Ukungu uliosambaa chini bila utando ni VLDL ya ini, sura ya kawaida ya kisukari kisichodhibitiwa. Vyote viwili vikiwepo pamoja, kimeng'enya cha kuondoa trigliseridi kimezidiwa, na mtu huyo yuko kwenye hatari ya kongosho kuvimba. Trigliseridi zikipita 1,000 mganga apigiwe simu siku hiyohiyo.

Sampuli iliyojitenga hivyo ichanganywe tena kabla ya kupimwa. Sindano ya mashine huzama chini ya utando, kwa hiyo usipochanganya, utapima kilichobaki chini na kuandika trigliseridi chache kwa mtu ambaye mafuta yake yanaelea. Ikizidi uwezo wa mashine, ipunguze kwa maji ya chumvi: sehemu 1 ya seramu kwa sehemu 4 za maji ya chumvi, na jibu lizidishe kwa 5. Kuzidisha kwa 4 ni kosa linalojirudia kila mahali.

Neno moja juu ya kemia. Mashine haizioni trigliseridi zenyewe. Inazikata, inapima gliseroli iliyotoka, na mwisho peroksidasi inatoa rangi. Gliseroli yoyote iliyoingia kutoka nje, kwenye dripu au mafuta ya kujipaka, itahesabiwa kama trigliseridi. Upande wa pili, dawa za asetilisisteini na metamizoli huvuruga hiyo hatua ya rangi na kushusha kolesteroli na trigliseridi kwa uongo. Mtu aliyewekewa dripu ya asetilisisteini asitolewe damu ya mafuta hadi dawa imetoka mwilini.

Hesabu

Kanuni ya Friedewald ni ya mwaka 1972: LDL ni kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 5. Kwa mmol/L gawanya kwa 2.2. Kwa karatasi yetu: 310 ÷ 5 = 62; 180 − 32 − 62 = 86.

Ile 5 ni dhana kwamba VLDL ya kila mtu ina trigliseridi mara tano ya kolesteroli. Kwa mwenye kisukari VLDL imejaa trigliseridi kupita hapo, hivyo ukigawanya kwa 5 unaipa VLDL kolesteroli isiyo nayo, na LDL inapunjwa. Juu ya trigliseridi 400 (mmol/L 4.5) kanuni haitumiki kabisa. Lakini haivunjiki ghafla kwenye 400. Huanza kupinda mapema, hasa LDL ikiwa chini ya 70, mahali ambapo mganga anaamua kama dozi imetosha.

Ipo kanuni ya Sampson ya mwaka 2020, inayovumilia trigliseridi hadi 800. Inaonekana ndefu, ila lahajedwali inaimudu:

LDL = kolesteroli ÷ 0.948 − HDL ÷ 0.971 − (TG ÷ 8.56 + TG × isiyo-HDL ÷ 2140 − TG × TG ÷ 16100) − 9.44

TG ni trigliseridi, na isiyo-HDL ni kolesteroli yote ukitoa HDL. Weka namba zetu, zote kwa mg/dL:

180 ÷ 0.948 = 189.9
32 ÷ 0.971 = 33.0
310 ÷ 8.56 = 36.2
310 × 148 ÷ 2140 = 21.4
310 × 310 ÷ 16100 = 6.0

Ndani ya mabano: 36.2 + 21.4 − 6.0 = 51.6. LDL: 189.9 − 33.0 − 51.6 − 9.4 = 96 kasoro nukta. Damu ni ileile na siku ni ileile, lakini LDL imepanda kwa 10. Njia ya Martin na Hopkins ya mwaka 2013 hubadilisha ile 5 kulingana na jedwali. Nayo ni nzuri, mradi maabara iandike njia iliyotumia. Karatasi isiyotaja njia isilinganishwe na ya maabara nyingine.

Sasa tazama namba isiyohitaji dhana yoyote: isiyo-HDL. 180 − 32 = 148. Imebeba kolesteroli yote iliyo kwenye chembe zenye ApoB, haijali kama mtu alikula, na haigharimu zaidi ya kutoa. Lengo lake ni lengo la LDL ukiongeza 30. Kama lengo la LDL ni chini ya 70, la isiyo-HDL ni chini ya 100. Mtu wetu aliyeonekana kukaribia lengo kwa 86 amelipita kwa 48. Kama ungeruhusiwa kusoma mstari mmoja tu wa karatasi ya mwenye kisukari, soma huu.

ApoB ikipatikana ni bora zaidi, maana inahesabu madebe yenyewe. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unaweka chini ya 65 kwa mwenye hatari kubwa sana, chini ya 80 kwa mwenye hatari kubwa, chini ya 100 kwa wa kati. Haihitaji njaa. Lp(a), chembe inayofanana na LDL, nayo ipimwe mara moja maishani, kwa kuwa karibu yote ni ya kurithi. Mg/dL 50 au nmol/L 125 kwenda juu ni ya kuangaliwa. Vizio hivyo viwili vya Lp(a) havigeuzwi kimoja kwenda kingine kwa kuzidisha, kwa sababu ukubwa wa chembe unatofautiana mtu na mtu.

Vizio vingine vinageuzwa: kolesteroli ya mg/dL gawanya kwa 38.67 upate mmol/L, trigliseridi kwa 88.57, sukari kwa 18. Anayetumia 38.67 kwa trigliseridi huzizidisha zaidi ya mara mbili, na kosa hilo hupita kwenye lahajedwali kubwa bila mtu kushtuka.

Kwa usugu wa insulini, HOMA-IR ni sukari ya mmol/L mara insulini ya µU/mL, gawanya kwa 22.5. Sukari 7.5 na insulini 18 hutoa 6.0. Haifai kwa anayechoma insulini. Utakuwa unapima sindano yake. Pasipo kipimo cha insulini, tumia TyG: zidisha trigliseridi kwa sukari, zote kwa mg/dL, gawanya kwa 2, kisha chukua logi asilia ya jibu. Kwa 310 na 135 inakuja 9.95. Baadhi ya makala huweka hiyo 2 nje ya logi na kupata namba za 5. Ukilinganisha na kazi ya mwingine, hakikisha mabano yake.

CRP

Omba kipimo chenye unyeti mkubwa, kinachoandikwa hs-CRP. Cha kawaida kimetengenezwa kuwinda maambukizi na hakioni vizuri chini ya mg/L 5 hivi. Chini ya 1 hatari ni ndogo, 1 hadi 3 ya kati, juu ya 3 kubwa. Angalia kizio: mg/dL 0.3 ni mg/L 3.

Pima mara mbili, zikiachana wiki 2, uchukue wastani. Ikizidi 10, usiiingize kwenye hesabu ya moyo; tafuta maambukizi au jeraha, kisha rudia. CRP hupungua kwa nusu kila saa 19 hivi chanzo kikikoma, kwa hiyo 80 ya nimonia iliyopona inahitaji kama siku 4 kufika 2.5, na uponaji wa kweli hauzimiki ghafla hivyo. Unene, sigara, fizi zinazooza na vidonge vya uzazi vyenye estrojeni huiinua nayo ikabaki juu.

CRP ni moshi. Tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba watu waliozaliwa na CRP ya juu kwa sababu ya jeni yake tu hawapati magonjwa ya moyo zaidi ya wengine. Kwa hiyo dawa ya kuishusha CRP yenyewe haina maana. Tafuta kinachowaka juu yake, kwenye interleukini. Na uwe macho kwa wanaotumia dawa ya tosilizumabu: huizuia interleukini-6, CRP inakaribia sifuri, huku LDL ikipanda.

Sukari ya miezi mitatu

HbA1c ya 6.5% (mmol/mol 48) kwenda juu ni kisukari. Kupata wastani wa sukari kwa mg/dL, zidisha kwa 28.7 utoe 46.7; kwa mfano, 7.2% inatoa 160. Kipimo hiki kinategemea chembe nyekundu kuishi umri wake. Selimundu, damu inayovunjika na kuongezewa damu hukishusha kwa uongo. Upungufu wa madini ya chuma hukiinua. Namba za glukomita zikigombana na HbA1c, pima fruktosamini, inayoangalia wiki 2 hadi 3 tu, na uchunguze hemoglobini ya mtu huyo.

Majaribio yanamfundisha nini anayepima

Jaribio la PROMINENT la mwaka 2022 linafaa kubandikwa ukutani. Watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari aina ya 2, trigliseridi nyingi na HDL kidogo walipewa pemafibrati, dawa ya kushusha trigliseridi, au kidonge tupu. Trigliseridi zilishuka kwa asilimia 26. Mashambulio ya moyo na kiharusi hayakupungua. Ukitazama ApoB unaona sababu: ilipanda kwa karibu asilimia 5. Mafuta yalihama kutoka VLDL kwenda LDL, idadi ya madebe haikupungua. Aliyepima trigliseridi peke yake angeshangilia.

Upande wa uvimbe, CANTOS ya mwaka 2017 ilichukua watu 10,061 waliokwisha kupata shambulio la moyo na wenye hs-CRP ya 2 au zaidi. Kanakinumabu ya mg 150 kila miezi 3, inayozuia interleukini-1 beta, ilipunguza matukio kwa asilimia 15 bila kugusa LDL, ingawa maambukizi yenye kuua yaliongezeka. CIRT, mwaka mmoja baadaye, ilitumia methotreksati dozi ndogo na haikupata kitu. Haikuchagua watu kwa CRP, na dawa haikushusha interleukini wala CRP. Kolkisini ya mg 0.5 kwa siku ilipunguza matukio kwa asilimia 31 katika LoDoCo2 ya mwaka 2020 kwa wenye ugonjwa wa ateri za moyo uliotulia, lakini jaribio kubwa la mwaka 2024 kwa waliotoka tu kwenye shambulio halikuona faida. Anayepanga utafiti wake achukue hapo mambo mawili: weka kizingiti cha CRP cha kuingilia, na pima kama dawa yako imefika kwenye njia unayodai kuizuia.

Ukichagua watu kwa CRP moja ya juu, ya pili itashuka yenyewe hata kwa waliopewa maji. Bila kundi la kulinganisha, utaiita hiyo faida ya dawa. CRP na trigliseridi zina mkia mrefu wa juu, hivyo ripoti namba ya katikati (mediani) na robo zake, na tumia logi kabla ya kulinganisha wastani.

Sampuli za kuhifadhi zigawe kwenye vichupa vya mL 0.5, nyuzi −80, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Kuganda na kuyeyuka huharibu hasa chembe kubwa zenye trigliseridi. Sampuli zote za mtu mmoja, za mwanzo na za mwisho, zipimwe siku moja kwenye kundi moja, la sivyo utapima tofauti ya vitendanishi. Usahihi unaotakiwa na mpango wa Marekani wa elimu ya kolesteroli ni mtawanyiko usiozidi asilimia 3 kwa kolesteroli, 4 kwa LDL na HDL, 5 kwa trigliseridi.

Namba hizo ndizo zinazokuambia kama mabadiliko ni ya kweli. LDL ya mtu yuleyule huyumba kama asilimia 8 kati ya siku na siku, na mashine inaongeza 4. Jumlisha mraba wake, 64 + 16 = 80, kipeuo chake cha pili ni 8.9, zidisha kwa 2.77: unapata karibu asilimia 25. LDL iliyotoka 100 ikawa 90 inaweza kuwa kuyumba tu. Trigliseridi huyumba kama asilimia 20, na hesabu hiyohiyo inatoa asilimia 57. Zile 310 zikirudi 220 baada ya wiki 4 hadi 12 za statini, zimeshuka kwa asilimia 29 tu. Pima tena kabla ya kuandika chochote juu ya dozi.